Mkono Uliochoma

Ujumbe ulimkuta Meinir Prydderch amelala chali kwenye kitanda cha kukodi, mfuko wa njegere za barafu umelazwa juu ya mbavu zake za kushoto, akivuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayeonja chai ya moto. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Chumba kilikuwa juu ya duka la mikate, na kila walipoubamiza mlango wa tanuri kule chini kitanda kilitikisika, mbavu nazo zikajibu.

Akanyoosha mkono, akasoma.

"Habari Meinir! Asante sana kwa msaada wako wiki hii. Idwal amerudi likizo mapema, kwa hiyo kesho hatutakuhitaji. Yeye atamalizia Hafod Wen. Safari njema! Crispin."

Mwisho wa ujumbe palichorwa kidole gumba kilichosimama.

Alisoma mara ya pili. Njegere zikaanguka sakafuni, akaziacha hukohuko.

Meinir alikuwa daktari wa mifugo kwa miaka ishirini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo aliajiriwa mahali pamoja, kule kwao kisiwani Môn. Mumewe Gethin akafa, nyumba ikawa kimya, na mwajiri akauza zahanati kwa kampuni yenye zahanati sitini. Tangu hapo, mwaka wa sita sasa, alikuwa daktari wa muda. Mahali daktari ameugua, au amejifungua, au amechoka akaondoka bila kuaga, wanamwita Meinir. Anakuja na gari lake, gambuti zake na sindano zake, anafanya siku walizopatana, analipwa kwa siku, anaondoka.

Hapa Cwmhelyg, katika mojawapo ya zile zahanati sitini, walipatana siku tatu: Jumanne, Jumatano na Ijumaa, pauni mia nne kwa kila moja. Jumanne awachome ng'ombe wa Eirwen, mwenye shamba la Hafod Wen, sindano za kupima kifua kikuu. Jumatano atibu mbwa na paka zahanatini. Ijumaa arudi Hafod Wen kupapasa shingo za wale ng'ombe, apime uvimbe na kutoa majibu. Alhamisi haikuwa na kazi wala malipo, ila kwenda Môn na kurudi ni saa sita barabarani, na dizeli ingemgharimu karibu sawa na chumba. Akabaki, chumba akakilipa mwenyewe.

Ng'ombe walikuwa mia moja thelathini na wanane. Alipofika wa tisini na moja, mtamba mmoja mwekundu mwenye hereni ya njano iliyopasuka, mnyama alijirusha ndani ya kibanio, kile kizimba chembamba cha kumshikia ng'ombe, akalipiga lango teke, na nondo ya lango ikamtua Meinir ubavuni. Alikaa chini kwenye matope mpaka macho yakaacha kuona nyota. Kisha akainuka, akawamaliza arobaini na saba waliobaki, mkono mmoja ameubana ubavuni, maana sindano zikishaanza haziachwi njiani.

Jioni ile alipita zahanatini, akaomba daftari la ajali. Kila mahali pa kazi lipo. Pale lilining'inia kwa kamba jikoni, karibu na birika.

Crispin, meneja, alitabasamu kwa huruma. "Lile ni la wafanyakazi wetu, Meinir. Wewe umejiajiri."

Alinyamaza siku ile, kwa kuwa maumivu yalikuwa makali na Ijumaa alikuwa bado anaihitaji. Alikwisha kupiga hesabu yake. Kwa mbavu zile asingeweza kufanya kazi wiki mbili zinazokuja, na wiki mbili zile hakuna mtu duniani aliyekuwa na wajibu wa kumpa hata pauni moja. Ijumaa ndiyo ingemfikisha mwisho wa mwezi. Na sasa wameifuta, wakamchorea na kidole gumba.

Akavaa koti taratibu, mkono wa kulia kwanza. "Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake, "nizuie mdomo." Halafu akafikiri tena. "Au usinizuie."

*

Jikoni pa zahanati alimkuta Idwal Breese anakula mkate wa jibini, pua imebabuka kwa jua la ugenini. Idwal alikuwa daktari wa kuajiriwa pale, mwaka wa kumi na moja. Walikutana Jumatatu moja zamani kwenye kozi, wakasalimiana. Hawakujuana zaidi ya hapo.

"Ehe, tajiri kaja!" alisema Idwal, mdomo umejaa. "Karibu, dada. Tulikuwa tunakusema."

"Nimezoea."

"Crispin kanionyesha ankara yako. Mia nne! Mimi na zamu zangu za usiku na Jumamosi zangu zote, nikigawanya kwa siku, mia mbili siioni. Wewe unaingia na kibegi, siku tatu, unatoka. Kibarua wa dhahabu."

Meinir hakukaa. Akikaa, kuinuka kungemtia aibu.

"Umegawanya vizuri?"

"Hesabu nilifaulu."

"Gari lililoko nje, lile jeupe, la nani?"

"La kampuni."

"Dizeli?"

"Aa, sasa unataka kwenda huko."

"Ndiko ninakokwenda. Wiki hii ulikuwa wapi?"

"Ureno. Na watoto."

"Nani kakulipa ukiwa Ureno?"

"Ilikuwa likizo yangu."

"Najua ni likizo yako. Nimeuliza nani kalipa."

Idwal aliuma mkate tena.

"Mimi nikienda Ureno nalipa mara mbili," alisema Meinir. "Nalipia Ureno, nalipia na kutokuwepo kazini. Sijaenda. Bima ya kazi, ukimkosea mtu farasi wake wakushitaki, nalipa mimi. Jina langu kwenye rejista ya madaktari nalipa mimi. Kozi ya kila mwaka, wewe unapelekwa na chakula cha mchana juu, mimi nalipia kiti na siku hiyo silipwi na mtu. Wakala aliyenileta hapa kachukua chake kabla sijavaa gambuti. Chumba juu ya mikate, sitini na tano kwa kila usiku niliolala. Mtoza kodi namwekea robo ya kila pauni, nikiigusa robo ile nimejichongea. Ya uzeeni ni ile nitakayoikumbuka kuiweka, na mwaka jana sikuikumbuka. Na miezi ya Novemba na Desemba simu haikulia hata mara tano. Gawanya na hayo, wewe uliyefaulu hesabu."

"Basi ajiriwa, dada! Nani kakuzuia?"

"Niliajiriwa miaka kumi na tisa."

"Na?"

"Gethin alipokufa walinipa siku tatu. Ya nne wakaniita kumzalisha ng'ombe, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa na sababu. Nikaenda. Nikamvuta ndama akatoka hai, nikakaa kwenye majani nikalia, na mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa uleule."

Idwal aliuweka mkate chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mchoko wa miaka kumi na mmoja hauishi kwa siku nne za bahari.

"Mimi hapa nina mkopo wa nyumba," alisema, sauti imeshuka. "Miaka ishirini na miwili imebaki. Nikisema siwezi zamu, wananiita ofisini kuniuliza kama nina furaha hapa. Hawagombi. Wanauliza tu, kama ninavyokuambia: 'Idwal, una furaha hapa?'"

"Unajibuje?"

"Najibu nina furaha tele."

Kidogo Meinir angecheka, lakini mbavu zilimkataza. Ndipo Crispin akaingia.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa, amekuja kutoka kwenye mambo ya hoteli miezi minane iliyopita. Hakuwahi kumshika ng'ombe. Hilo si kosa. Mwenye duka la dawa si lazima awe mgonjwa. Lakini alizungumza juu ya ng'ombe kama vyumba: waliojaa, walio wazi, wanaolipwa, wasiolipwa.

"Meinir! Hukuupata ujumbe wangu?"

"Nimeupata."

"Ah. Basi?"

"Tulipatana Ijumaa."

"Tulipatana *kama utahitajika*." Alisema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgeni aliyekuta chumba chake kimetolewa. "Ipo kwenye mkataba. Umejiajiri, kwa hiyo wewe una uhuru wa kukataa siku, na sisi tuna uhuru wa kuifuta. Ndiyo raha ya kujiajiri, sivyo? Kila upande uko huru."

"Mimi sijakataa siku hata moja."

"Na tunashukuru kweli. Ukitaka mambo ya uhakika, nafasi ya kuajiriwa ipo. Elfu arobaini na nane kwa mwaka, gari, likizo ya ugonjwa. Ungekuwa wa kwetu, mbavu hizo tungezilipa."

"Zamu za usiku?"

"Usiku mmoja kila siku nne."

Idwal alikohoa ndani ya kikombe. "Kila siku mbili," akasema.

"Kwa sasa," alisema Crispin bila kugeuka. "Kwa sasa tu."

Meinir aliwatazama wote wawili. Alikuwa na neno moja mdomoni, na alijua uzito wake. Akilimeza na kwenda zake Môn, kesho Idwal angefika Hafod Wen kuwasoma ng'ombe ambao hakuwachoma, na kazi yote ingetupwa. Crispin angeitwa na wakubwa wake ajieleze, na hilo lingekuwa tamu. Lakini Eirwen wa Hafod Wen alikuwa na mitamba ishirini na miwili ya kupeleka mnadani Jumatatu, na bila majibu safi ya Ijumaa mitamba isingetoka zizini. Jumanne, akiwa ameshika kamba ya lango, Eirwen alimwambia mwenyewe: pesa za mitamba ile ndizo kodi ya shamba ya nusu mwaka. Na kipimo kikishaharibika hakirudiwi mpaka siku sitini zipite.

Akalisema lile neno, kwa hasira, kama anavyotupa mtu kitu cha thamani asichotaka kukitoa.

"Idwal hawezi kusoma. Mkono uliochoma ndio unaosoma. Ndiyo sheria."

Crispin alicheka kidogo. "Meinir, jamani. Naelewa unaitaka siku yako, lakini..."

"Muulize."

Crispin aligeuka. Idwal alikuwa anatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu anazama humo.

"Idwal?"

"Ndiyo sheria," alisema Idwal. "Uliniambia niende Hafod Wen Ijumaa. Hukusema walishachomwa. Nilidhani naanza mimi."

Mbwa alibweka huko nyuma vizimbani. Crispin alitoa simu, akaanza kupekua kwa kidole, midomo inasomasoma. Uso wake ulikunjuka ghafla.

"Hapa! 'Isipokuwa kwa dharura, kama vile ugonjwa wa mpimaji.' Haya. Kwani wewe si unaumwa? Mbavu! Naandika mpimaji ameumia, Idwal anaendelea, kila mtu salama." Aliinua macho anang'aa, amefurahi kwelikweli, kama mtoto aliyeona pa kuchomeka kipande cha mwisho cha fumbo.

Meinir alihisi joto likianzia kwenye nyayo. Lilipita magotini, likapita mbavuni bila kuuma, likafika usoni. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, hata Idwal akasogea.

"Rudia."

"Nasema, kwa kuwa umeumia..."

"Nimeumia?"

"Si ulisema mwenyewe Jumanne..."

"Jumanne nilikuja hapa siwezi kunyoosha mgongo, nikaomba daftari lile pale, lenye kamba. Ukaniambia si langu. Jumanne nilikuwa sijaumia, kwa sababu kuumia kwangu kungekuwa na bei. Leo nimeumia, kwa sababu kuumia kwangu kunakuokolea mia nne. Maumivu yangu hutaki kuyalipa lakini unataka kuyatumia. Yamekuwa gari la kampuni?"

"Hebu tusipandishe sauti."

"Sauti yangu haijaanza, kijana. Haya, andika. Andika Meinir Prydderch ni mgonjwa. Ila anza na daftari la ajali, uandike nimeumia wapi, saa ngapi, nikiifanya kazi ya nani. Weka sahihi yako. Unipe nakala nimpelekee mwanasheria na mtu wa bima. Ukimaliza hapo, mpe Idwal kalamu aende Hafod Wen."

Crispin alilitazama daftari. Halafu akatazama simu yake, kana kwamba imemsaliti.

"Au," alisema Meinir, "mimi ni mzima. Mzima kabisa, sina hata kikohozi. Kesho saa tatu nitakuwa Hafod Wen, na utanilipa. Chagua moja. Ukinitaka mgonjwa kwenye karatasi hii na mzima kwenye karatasi ile, tafuta kibarua mwingine."

Idwal alitoa mlio puani. Kilikuwa kicheko, akakigeuza chafya.

"Basi njoo kesho," alisema Crispin mwishowe. Upole ulikuwa umemtoka. "Lakini kusoma ni kazi ya asubuhi tu. Nusu siku. Mia mbili."

"Mia nne. Na iwe benki kabla sijafungua kitabu changu cha vipimo."

"Huo ni utekaji! Unamtumia mama wa watu kama ngao."

Neno lile lilimchoma, maana ndilo alilokuwa anajiuliza mwenyewe. Hakumwonyesha.

"Saa tatu," akasema. "Saa sabini na mbili tangu niwachome zinatimia saa tatu, na hazimsubiri mtu."

*

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi Meinir alikuwa uani Hafod Wen, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kitabu cha vipimo kilikuwa pajani, kimefungwa kwa utepe wa mpira. Simu ilikuwa juu ya usukani. Benki haikusema kitu.

Ng'ombe walikwishakusanywa. Walisimama zizini wakitoa mvuke, kwato zinafinyanga matope. Zamani, katika ile miaka kumi na tisa, angekwisha kushuka. Angefanya kazi, akangoja waone aibu. Hawakuwahi kuona aibu. Kanisani kwao, kijumba cha mawe chenye waumini kumi na wanne na kinanda kibovu, alifundishwa tangu utotoni kwamba kumzuilia kibarua ujira wake ni dhambi, na kilio chake kinafika mbinguni. Hakufundishwa kibarua afanye nini wakati kilio kiko njiani.

"Bwana," alisema, macho wazi, "kama natenda vibaya, unisamehe. Lakini sishuki."

Kioo kikagongwa. Eirwen wa Hafod Wen alikuwa nje, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, vikombe viwili vya chai kwenye mkono mmoja. Alikuwa na miaka sitini na saba, mfupi, na alizoea kusikika kutoka bonde hili hadi lile.

"Umelala humo au umekufa?"

Meinir alishusha kioo. "Nangoja malipo, Eirwen."

"Nini?"

"Waliifuta siku yangu jana. Nimewaambia wanilipe kwanza. Hawajalipa."

Eirwen aligeuka kuwatazama ng'ombe zizini. Uso wake uligeuka mwekundu kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Nina mitamba ishirini na miwili pale," alisema polepole. "Jumatatu mnada. Nimeamka saa kumi kuwakusanya, peke yangu, na nyonga hii. Na wewe umekaa kwenye gari na mpira wako kwenye kitabu. Kwa hiyo mimi ndiye naminywa? Mnavutana huko, shingo inayonyongwa ni yangu?"

"Ndiyo," alisema Meinir. "Shingo ni yako. Wanajua sitakuacha. Ndiyo maana hawalipi."

"Basi usiniache!"

"Miaka kumi na tisa sikumwacha mtu. Walijenga nyumba juu ya hilo." Akafungua koti, akavuta sweta juu kidogo. Ubavu ulikuwa na doa la zambarau na njano, pana kama sahani. "Hii ni ya kwako, Jumanne. Yule mwekundu. Wiki mbili zijazo sifanyi kazi, na hakuna atakayenilipa. Nina leo tu. Wewe ukilala wiki mbili, nani anakukamulia?"

Eirwen aliutazama ubavu muda mrefu, kama anavyotazama mnyama wa kununua. Hakusema pole. Watu wa kule hawana haraka na pole.

"Hakuna," alisema. "Mwaka juzi nilikuwa na homa ya mapafu. Nilikamua natambaa."

"Basi unajua."

"Najua. Na bado nimekasirika na wewe."

"Kasirika. Ni haki yako."

"Shika hii chai." Alimpa kikombe, akatoa simu kwenye mfuko wa suruali, simu yenye vitufe, imepasuka kioo, na kuiweka mbali na uso ili aone namba.

"Haloo? Mimi ni Eirwen Hafod Wen. Nipe huyo kijana. Hapana, sisubiri, hutaniwekea muziki... Wewe ndiye Crispin? Sikiliza, baba. Mimi ninakulipa wewe. Kila ndama anayetoka upande, ninakulipa. Baba yangu alilipa hapo kabla mama yako hajazaliwa. Daktari wangu amekaa kwenye gari na ana haki ya kukaa... Nani? Sitaki Idwal, Idwal namjua, huyu ndiye aliyewachoma. Ikifika saa tatu na nusu ng'ombe wangu hawajasomwa, nampigia simu kila mwenye shamba kuanzia hapa mpaka baharini, na Jumapili nasimama kanisani baada ya sala ya mwisho nawaambia waliobaki. Sina mengine. Kwaheri."

Akakata. "Ana sauti ya mtu anayeuza mapazia," alisema.

Walikunywa chai, mmoja ndani, mmoja nje. Saa tatu kasoro dakika nne simu ikatikisika juu ya usukani. Mia nne, kamili. Safari hii bila kidole gumba.

Meinir alivua mpira kwenye kitabu.

Alikuwa anajitahidi kuvaa gambuti ya pili, meno yameumana, gari jeupe la kampuni lilipoingia uani. Idwal alishuka, amevaa koti la mvua limefungwa mpaka juu.

"Katumwa mpelelezi," alisema Eirwen.

"Nimetumwa kusimamia," alisema Idwal. "Nihakikishe kazi inafanyika, ndivyo alivyosema." Alimtazama Meinir anavyopumua. "Nipe kitabu. Wewe papasa, mimi naandika."

Ilichukua saa mbili na robo. Ng'ombe aliingia kibanioni, Eirwen akafunga lango, Idwal akasoma namba ya hereni, Meinir akapeleka vidole shingoni, mahali pa sindano ya juu, mahali pa sindano ya chini, akabana ngozi kwa kipimo cha chuma, akasoma unene kwa milimita: wa chini usipouzidi sana wa juu, ng'ombe ni mzima. "Nane, nane." "Saba, nane." "Tisa, nane." Kila namba ndogo ilikuwa kipande cha shamba la Eirwen kikirudi mikononi mwake, na Eirwen alizipokea bila kukunjua uso. Kila mara Meinir alipoinua mkono juu, pumzi ilimkatika. Hakuna aliyemwambia apumzike, na alishukuru kwa hilo.

Wa tisini na moja aliingia kwa kishindo. Hereni ya njano, iliyopasuka.

"Huyu ndiye," alisema Meinir.

"Mzima?" aliuliza Eirwen. Kwa mara ya kwanza alisogea kuchungulia kipimo, maana yule alikuwa katika wale ishirini na wawili, na alikuwa mzuri kuliko wote.

Meinir alibana, akasoma, akabana tena kwa hakika.

"Saba, saba. Mzima kuliko mimi."

"Muuze haraka," alisema Idwal, "kabla hajamwua daktari mwingine."

Alipotoka wa mwisho, wote mia moja thelathini na wanane walikuwa safi. Eirwen aliegemea lango, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaingia ndani, akarudi na keki ya zabibu imefungwa kwa gazeti, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari la Meinir.

Idwal alibaki anazungukazunguka karibu na buti la gari.

"Dada. Huyo wakala wako. Anachukua watu?"

"Anachukua kila mtu."

"Nilikuwa nafikiri..."

"Usifikirie leo. Leo umeniona nimelipwa, na mimi nimelipwa kwa sababu mama huyu ana mdomo. Wiki ijayo nimelala, na sijui mwezi ujao nani ataita. Crispin haniiti tena, hilo ni hakika, na atawaambia wenzake kwenye zile zahanati sitini. Ukija huku, njoo umekaa ukapiga hesabu. Usije kwa sababu una hasira. Hasira ninayo mimi, na hailipi hata chumba."

Idwal alitikisa kichwa. Akaangalia barabarani, halafu akafungua koti. Chini ya kwapa alikuwa na daftari la ajali la zahanati, kipande cha kamba bado kinaning'inia, kimekatwa kwa mkasi.

"Nimelichukua kabla hajafika asubuhi," alisema. "Nitalirudisha na fundo jipya. Nipe saa na tarehe, naweka sahihi ya shahidi."

"Hukuwepo Jumanne."

"Nimeona leo unavyoushika ubavu. Naandika nilichokiona."

"Ilikuwa saa tano kasoro robo. Lakini watakuita ofisini."

"Wataniuliza kama nina furaha." Aliweka daftari juu ya boneti, akalamba kalamu. "Jumanne, saa tano kasoro robo. Hafod Wen. Mbavu za kushoto, teke la mtamba kwenye lango. Jina, Meinir Prydderch." Kalamu ikasimama. "Hapa wanataka cheo. Huna cheo kwetu. Niandike mfanyakazi wa muda? Kibarua?"

Meinir alikuwa amekwisha kushika mlango wa gari, mkono mwingine ubavuni. Safari ya saa tatu ilikuwa inamngoja, na kila kona ya barabara ingempitia mbavuni.

"Andika daktari," alisema.